Waulize Damu Iko Wapi

Daftari lile ninalo hadi leo. Ni daftari la shule la kurasa 48, lina jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, na juu yake niliandika jina langu kwa wino wa bluu siku ya kwanza ya kliniki. Kampala mgonjwa hununua daftari lake mwenyewe na musawo, mhudumu wa afya, huandika humo. Kurasa za mbele ni za wakunga: uzito, presha, kimo cha tumbo, mapigo ya moyo wa mtoto. Kurasa za nyuma ni zangu. Nililigeuza daftari juu chini nikaanzia upande wa pili, na huko kuna maswali. La kwanza limeandikwa kwa herufi kubwa, maana mama alinisomea kwa simu kutoka Tanga na akataka niliandike yeye akisikia: WAULIZE DAMU IKO WAPI.

Ilikuwa mwaka 2017. Tulikuwa tukiishi Nateete, vyumba viwili nyuma ya soko. Mume wangu alifanya kazi kwenye mbao kule Ndeeba, nami nilikuwa nikifundisha Kiswahili watoto wa watu wachache walioona kina faida. Nilikuwa na mwaka mmoja tu wa ndoa. Kwetu pwani mimba ya kwanza ina utaratibu wake. Miezi ikitimia binti anarudi kwa mama yake, anajifungulia huko, anakandwa kwa maji ya moto, ananyweshwa uji wa pilipili manga, na harudi kwa mumewe mpaka arobaini ipite. Mama alikwishaanza kuandaa chumba. Lakini Tanga na Kampala si kwa jirani. Ni mabasi ya mchana na usiku na mipaka ya kuvuka, na tumbo la miezi minane halikai kitini saa zote hizo. Ndege ina masharti yake kwa mimba kubwa, na mfuko wetu haukuwa wa ndege. Tukakubaliana mama ndiye atakayekuja, baada ya mtoto. Alikubali kwa sauti ndogo, kisha akaniambia nitafute kalamu.

Mama alikuwa na mdogo wake, mama yangu mdogo, aliyejifungua kijijini ndani huko Muheza kabla mimi sijaanza shule. Mtoto alitoka mzima. Mama mdogo akazungumza, akacheka, akaomba chai. Chai ikatengenezwa. Walipomletea alisema anasikia baridi, na khanga zilizokuwa chini yake zilikuwa zimelowa zote. Gari lilipatikana alfajiri. Nyumbani kwetu hakuna anayesema alikufa kwa uzazi. Wanasema damu ilimkosa. Nilikulia ndani ya maneno hayo bila kuyafikiria, mpaka siku mama aliponisomea swali lake, akanyamaza, akaniuliza, "Umeandika, mwanangu?"

Upande wa pili nilikuwa na Ssenga, shangazi wa mume wangu. Kwa Waganda ssenga ndiye mwenye kauli katika mambo ya mke wa mtoto wao, na huyu wetu alikuwa amezaa sita, wawili mikononi mwa omulerwa, mkunga wa jadi, na wanne hospitalini. Aliniletea emumbwa, vijiti vya udongo uliokandwa na majani ya dawa, vya kusugua katika maji na kunywa ili njia ilainike. Mkunga wa kliniki akanikataza, maana dawa nyingine za majani huchochea uchungu kabla ya wakati au huuzidisha kupita kiasi. Nilimwambia Ssenga ukweli. Hakukasirika. Alivifunga vijiti vyake kwenye kitambaa, akauliza ninazalia wapi. Nikamtajia.

Nilikuwa nimechagua kliniki binafsi, dakika tano kwa miguu kutoka nyumbani. Ilikuwa safi hadi inanukia, mapazia ya waridi, televisheni ukutani, na muuguzi mmoja aliyenikumbuka kwa jina. Foleni haikuwapo. Walikuwa na malipo ya jumla, kliniki, kujifungua na chanjo za mwanzo pamoja, na mume wangu alikwishalipa nusu. Alikuwa na fahari na risiti ile. Alikuwa akiitoa kwenye pochi na kuikunjua.

Ssenga alisikiliza yote, akasema, "Mchana kila mahali kuna musawo, mugole, bi harusi wetu. Nenda usiku."

Sikumwelewa mara moja. Mtoto wa kwanza humfanya mtu ajitayarishe kwa mambo yanayoonekana. Nilikuwa nimeshanunua beseni, sabuni, pamba, glavu, nyembe, uzi wa kitovu, na lile kaveera, plastiki nyeusi ya mita mbili ya kutandika kitandani, vitu ambavyo mwanamke wa Uganda huambiwa aende navyo, na vikifungashwa pamoja huitwa Maama Kit. Nilikuwa nimevipanga na kuvipanga upya. Hata siku moja sikuwa nimejiuliza kliniki ile inafananaje saa tano za usiku.

Tulikwenda Jumapili, mimi na mume wangu, kama watu wanaopita. Taa ya nje ilikuwa inawaka. Mlinzi alikuwa amelala. Ndani tulimkuta binti mmoja, mpole, mdogo kuliko mimi, akatueleza bila kuficha lolote kwamba yeye ni msaidizi, mkunga ametoka kidogo, na daktari huitwa kwa simu. Daktari anaishi wapi? Upande wa Mukono. Yaani ng'ambo ya pili ya jiji. Na upasuaji ukihitajika usiku huu? Anakuja, au mgonjwa anapelekwa mahali. Anapelekwa na nini? Tunaita gari. Na damu? Hapo binti akatazama mlango wa maabara uliofungwa kwa kufuli, akasema damu hutumwa mtu kuifuata Nakasero, kwenye benki ya damu ya taifa. Mume wangu alimwomba ampigie daktari, ajaribu tu. Simu iliita mpaka ikakatika. Ikaita tena.

Njiani kurudi hatukusemezana. Nilijua anafikiria ile nusu aliyolipa, nami sikuwa na ujasiri wa kuitaja. Tulipofika mlangoni alisema, "Zile pesa tuseme ni ada ya shule." Nimeishi naye miaka mingi tangu siku ile na tumegombana kwa mengi, lakini kwa sentensi hiyo ananidai wema mpaka leo.

Sisemi kliniki zote ndogo ziko hivyo. Wala sisemi ukubwa ndio usalama. Jirani yetu mmoja alizalia kituo cha afya cha Kitebi, cha serikali ya jiji, karibu tu na sisi, na mkunga aliyempokea alikuwa hodari kuliko wengi. Kwa mpangilio wa Uganda kituo cha ngazi ya tatu kina wodi ya wazazi na maabara, na chumba cha upasuaji huanzia ngazi ya nne. Mkunga wa ngazi ya tatu anayejua mipaka yake, akamwona mama hafunguki, akampeleka mbele mapema, ni salama kuliko jengo zuri lenye daktari asiyepokea simu. Jambo nililokuwa silijui ni kwamba wanawake wengi wangejifungua salama karibu popote penye mkunga na mikono safi. Hospitali huchaguliwa kwa ajili ya wale wachache, na hakuna anayejua mapema kama yumo. Anayezaa mara ya kwanza ndiye ajuaye kidogo zaidi, kwa sababu mwili wake bado haujampa historia yoyote ya kuifuata.

Kwa hiyo tukaanza upya, mimba ikiwa na miezi saba. Anayeishi Nateete ana bahati ya kuzungukwa na vilima vyenye hospitali za zamani sana. Mengo, chini ya kanisa kuu la Namirembe, ilianzishwa na tabibu mmisionari Albert Cook mwaka 1897, na mkewe Katharine, aliyekuwa muuguzi, ndiye aliyeanzisha pale shule ya wakunga mwaka 1918. Lubaga ilianzishwa na masista wa Kikatoliki mwaka 1899. Nsambya, ng'ambo ya pili ya bonde, ilifuata mwaka 1903 kwa kazi ya Mama Kevin, mtawa kutoka Ireland. Hizo zote zinalipisha, ingawa si kwa kiwango kimoja. Upande wa serikali ilikuwapo Kawempe, kaskazini ya jiji, inayopokea wazazi zaidi ya elfu 20 kwa mwaka na kesi ngumu kutoka kila kona.

Tangu mwaka 2001 matibabu ya hospitali za serikali Uganda ni bure kwa wodi za kawaida. Lakini neno bure linahitaji kuelezwa. Kuna siku glavu zimekwisha, na siku kitanda ni sakafu. Mwaka 2011 shirika la haki za afya la CEHURD lilifungua shauri namba 16 katika Mahakama ya Katiba, kwa ajili ya Sylvia Nalubowa na Jennifer Anguko, wanawake wawili waliokufa katika kujifungua bila kupata huduma waliyostahili. Shauri lilizungushwa miaka, likafika Mahakama ya Juu, likarudishwa, na Agosti 2020 majaji waliamua kwamba serikali kushindwa kutoa huduma za msingi kwa wazazi ni kuvunja katiba. Nilisoma habari hiyo mtoto wangu akiwa anakaribia miaka mitatu, nikalia jikoni. Mimi nilichagua hospitali kwa sababu nilikuwa na nauli ya bodaboda, simu yenye salio na mume wa kuniongoza usiku. Walio wengi hawachagui. Wanafika walikofika. Ndiyo maana sikubali kusikia mtu akisema mwanamke fulani "alichagua vibaya".

Pamoja na msongamano wake, hospitali kubwa ya serikali ina jambo moja ambalo mapazia ya waridi hayanunui: usiku wa manane kuna madaktari wamesimama kwa miguu yao, na damu iko ndani ya jengo. Niliiandika Kawempe kwenye daftari kama mlango wa pili, na sikuona aibu.

Mlango wa kwanza ulikuwa moja ya hospitali za vilimani. Sitaitaja, maana niliyoyakuta mwenzangu anaweza kuyakuta kwingine, na jina lingemfanya aache kuuliza. Tulikwenda saa nne na nusu usiku. Mlinzi alitumulika tochi, akauliza kwa Kiganda, "Omulwadde ali wa?" Mgonjwa yuko wapi? Tukasema hakuna mgonjwa, tumekuja kuuliza. Alitutazama, akatazama tumbo, akafungua.

Mkunga mkuu wa zamu hakuwa na muda nasi na hakujisingizia kuwa nao. Alijibu akiwa amesimama, sindano ikiwa mkononi, na nadhani yote yalichukua dakika nne. Daktari wa zamu? Yule pale, anakunywa chai. Wa usingizi? Analala chumba kile. Umeme ukikatika? Jenereta, nayo friji ya sindano za kuzuia damu imeungwa humo, kwa kuwa oksitosini ikipata joto hupoteza nguvu. Mnatumia ile chati ya uchungu? Akanionyesha moja kwenye ubao wa mama aliyekuwa ndani, mstari ukipanda vizuri. (Chati hiyo yenye mistari ya kuonya iliundwa na Hugh Philpott huko Harare mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa ajili ya wakunga walio mbali na daktari, kisha ikaenea duniani. Ni kitu cha Afrika hicho, nami hupenda kukisema.) Na damu iko wapi? "Maabara, chini. Nenda ukahesabu hatua." Alidhani nitacheka. Nilikwenda nikahesabu. Sitini na tatu.

Wodi ilikuwa ya kawaida kabisa. Vitanda vimesogeleana, bomba moja linavuja, ndoo chini yake. Harufu ya dawa ya kusafishia na ya uji uliomwagika. Hakuna aliyeniuliza jina. Nilitoka pale nikiwa nimetulia kwa mara ya kwanza tangu nione mistari miwili kwenye kipimo.

Baada ya hapo ilibaki barabara. Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliandika kwamba mama mzazi huuawa na ucheleweshaji wa aina tatu: wa kuamua kwenda, wa kufika, na wa kuhudumiwa akishafika. Mimi nilikuwa sijawasoma. Mume wangu pia hakuwa amewasoma, lakini ni mtu wa mbao, hukata baada ya kupima mara mbili. Alipima barabara. Saa kumi na mbili jioni, wakati makutano ya Nateete yamejaa taksi na malori ya Masaka, gari lilichukua dakika 45 kufika hospitalini, bodaboda dakika 14. Saa saba usiku gari lilichukua dakika tisa. Kisha akaniambia jambo ambalo mkazi yeyote wa bondeni analijua, nami mgeni nilikuwa sijalitia maanani: mvua ikinyesha sana mfereji wa Nalukolongo hufurika, na huku chini hakutoki gari. Akatafuta njia ya juu, kupitia Lungujja. Akazungumza na dereva mmoja anayeishi upande huo wa juu, wakakubaliana bei mapema, na namba yake ikaandikwa daftarini, ukurasa uleule wa maswali.

Siku yenyewe ikaja Novemba, na mvua ikaja nayo. Uchungu ulikuwa umeanza polepole tangu alfajiri, wa kuja na kupotea, nikapika, nikafua nguo mbili tatu. Jioni chupa ilipasuka. Nje maji yalikuwa yameshafika kwenye ngazi ya duka la jirani, ya rangi ya chai ya maziwa, yakibeba ndizi mbovu na ndala moja ya mtoto. Mume wangu aliweka beseni kichwani na mfuko begani, akanishika mkono, tukapanda kwa miguu kuelekea juu, tukisimama kila uchungu uliponijia, mpaka tulipomkuta dereva wetu ametangulia kutungoja mahali pakavu. Nakumbuka kipangusa mvua cha gari lake kilikuwa kimoja tu, upande wa kwake.

Kiswahili hakina heshima kubwa mitaani Kampala. Wazee wengi wanakihusisha na askari na bunduki, na sokoni nilikuwa nimezoea kukisema kwa sauti ya chini. Ni ajabu, maana Nateete ya zama za Kabaka Mutesa wa Kwanza, mfalme wa Buganda, ilikuwa ndiyo makazi ya wafanyabiashara Waarabu na waungwana wa pwani, na mmisionari Alexander Mackay, aliyefika mwaka 1878, alikaa hapohapo Nateete akikitumia Kiswahili kabla hajakijua Kiganda. Basi usiku ule katika leba nilisahau adabu yote ya sokoni, nikapiga kelele kwa lugha ya mama yangu. Mkunga, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa akiniambia "Sindika! Sindika, maama!" Kwetu kusindika ni kukamua mafuta, au kurudisha mlango bila kuufunga. Kwao ni kusukuma. Katikati ya maumivu nikaona mlango, nikausukuma.

Alizaliwa saa tisa na dakika arobaini usiku. Msichana. Walimlaza kifuani kwangu akiwa na utelezi na joto, akanitazama kwa jicho moja. Kondo la nyuma likatoka. Nikasikia kiu, nikaomba chai.

Mkunga alikuwa anaandika. Aliposikia neno chai aliinua kichwa, si kwa sababu ya chai, bali sauti yangu ilikuwa imebadilika, aliniambia baadaye. Akafunua shuka. Sikuona alichokiona. Nilimsikia akiita majina mawili, bila kupaza sauti, kisha ngumi yake ikawa juu ya tumbo langu, chini ya kitovu, akikanda kwa uzito wa mwili wake wote. Mfuko wa uzazi haukuwa umejikaza. Mtu mwingine alinichoma pajani. Mwingine alikuwa ananitafuta mshipa mkono wa pili. Mtoto akaondolewa kifuani. Nilikuwa nikisoma Ayatul Kursiyu macho yangu yakiwa kwenye msalaba mdogo ukutani, nikapotea katikati, nikaanza upya, nikapotea palepale. Nikamsikia mkunga akisema, "Nenda maabara, mbili, kimbia," na nikasikia ndala zikikimbia, na akili yangu, sijui kwa nini, ikaanza kuhesabu hatua.

Kuna maandishi ya mwaka 1884 ya tabibu Robert Felkin, aliyepita Bunyoro, hapa Uganda, mwaka 1879 na kushuhudia mahali paitwapo Kahura mwanamke wa miaka kama 20, mimba yake ya kwanza, akipasuliwa tumbo na mganga mwenyeji. Walimnywesha pombe ya ndizi, mganga akanawa mikono kwa pombe hiyohiyo na kuosha tumbo lake. Mishipa iliyovuja iliguswa kwa chuma cha moto, jeraha likafungwa kwa misumari saba myembamba ya chuma na nyuzi za gome. Siku ya 11 jeraha lilikuwa limepona. Watu hulisimulia tukio hilo kwa ajili ya kisu. Mimi nilipolisoma nilisimama mahali pengine kabisa: baada ya kumtoa mtoto mganga aliweka kisu chini, akaushika mfuko wa uzazi kwa mikono miwili, akauminya. Alijua. Miaka 138 kabla yangu, bila sindano wala friji, mtu wa nchi hii alijua hatari bado haijapita, na alikuwa na wasaidizi kando yake waliojua kila mmoja kazi yake.

Mfuko wa kwanza wa damu ulining'inizwa, wa pili ukafuata. Damu ya watu wawili wasionijua, waliokaa kwenye kiti mahali fulani wakanyoosha mkono. Kulipopambazuka mkunga aliondoa ngumi yake. Alikuwa amebadilishana na mwenzake mara kadhaa lakini kila nilipofumbua macho nilimwona yeye. Akavua miwani, akaipangusa kwa upindo wa gauni lake, akaniambia, "Weebale kusimattuka." Ndivyo Waganda wanavyompongeza mzazi. Hawampongezi kwa mtoto kwanza. Wanamshukuru kwa kuchomoka, kwa kuponyoka. Nilikuwa nimelisikia neno hilo harusini na misibani na sokoni, likisemwa na wanawake kwa wanawake, nikalidhania ni salamu.

Mume wangu alimpigia mama. Sikuwa na nguvu ya kushika simu, akaiweka sikioni kwangu. Mama hakuuliza jinsia. Aliuliza, "Ilikuwapo?" Nikamjibu, ilikuwapo, mama. Akawa kimya muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika, kisha nikamsikia akimwita mdogo wake kwa jina, taratibu, kama mtu anayemwamsha.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016, mwaka mmoja kabla ya uzazi wangu, ulikuta Uganda wanawake 336 wanakufa kwa kila vizazi hai laki moja. Ule wa 2022 ulikuta 189. Hiyo ni kazi kubwa iliyofanywa na watu wenye miwani ya kufungwa kwa uzi, nami nawaombea. Lakini 189 ni watu, na kutokwa damu bado kumo miongoni mwa sababu kuu.

Binti yangu sasa yuko shule, na daftari lake la hesabu lina jedwali lilelile nyuma ya jalada. Mwezi uliopita mpangaji mpya wa chumba cha chini, msichana aliyetoka Bukavu, mimba yake ya kwanza imeanza kuonekana, alipanda ngazi kuniuliza dada, ni hospitali gani nzuri hapa. Alikuwa na karatasi ya matangazo ya kliniki moja, yenye picha ya mtoto mweupe anayecheka. Nilimpa chai. Nikamtolea daftari, nikaligeuza juu chini, nikamwacha asome mwenyewe kurasa za nyuma. Alisoma taratibu, akauliza neno moja ambalo kwa Kiswahili chao wanaliita vingine, akarudi kwenye swali la kwanza akaliwekea kidole.

Nikamuuliza, "Mumeo anarudi saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Basi saa nne mje mnigongee. Vaa viatu vya kutembea."

Tulipofika getini mlinzi, si yule wa zamani, alitumulika tochi usoni, mmoja mmoja. "Omulwadde ali wa?"